Kila Chombo kwa Wimbile

Kazi yangu ya ukarani hunilazimu kuvuka maji mara kwa mara baina ya Lamu na kisiwa cha Pate. Wakati wa kusi nimewaona wagonjwa wakitapika njia nzima, wakafika hospitalini wakiwa taabani kuliko walivyoondoka kwao. Ndiyo maana watu gatini huuliza: "Ng'ambo kuna vyombo visivyotikiswa na mawimbi, mbona sisi hatuletewi?" Swali hilo lastahili jibu la haki.

Vyombo hivyo vipo kweli. Aliyevibuni ni Frederick Creed, mzaliwa wa Kanada, mwenye sifa pia ya kuunda mashine ya kuchapa simu za maandishi. Mwaka 1946 alipewa hataza ya chombo hicho huko Uingereza.

Asili yake ni hii. Nguvu ya wimbi iko juu, nayo hupungua upesi kadiri uzamavyo. Ufikapo kina cha nusu ya masafa baina ya wimbi na wimbi, maji karibu yametulia. Ngalawa yetu na matengo yake huelea juu, basi hupanda na kushuka pamoja na wimbi. Chombo cha Creed kina viwiliwili viwili vilivyozama kama nyambizi, na juu yake kuta nyembamba zinazobeba sitaha. Wimbi lipitapo hukuta kuta hizo tu, halina pa kushika.

Mwaka 1973 Wamarekani waliunda kimoja, Kaimalino, kikafanya kazi Hawaii. Urefu wake ulikuwa futi 88 hivi, lakini kilipojaribiwa kando ya meli ya doria ya futi 378, kilitulia kama ile kubwa.

Hata hivyo, utulivu huo una gharama. Kuta nyembamba zisizoinuliwa na wimbi ndizo zishindwazo kuhimili shehena: ongeza mzigo kidogo, chombo huzama sana. Tena viwiliwili vyake vyataka kina kirefu, na pale Mkanda maji yakipwa, hata mashua hungoja yajae.

Kwa wapimaji wa bahari kuu, chombo hicho ni neema. Kwa mgonjwa wa Faza, yafaa zaidi mashua imara isiyozama sana, yenye paa na mahali pa kulala. Basi tukiomba, tuombe chombo kilichopimwa kwa maji yetu.