Mtungaji wa Kibanda cha Matete

Wasomaji wa gazeti letu, na hasa ninyi wenzangu wa bwenini mlionicheka muhula uliopita, leo nataka kujitetea. Mlinikuta nikisoma kitabu cha mapenzi saa za masomo ya jioni, nanyi mkatangaza mpaka jikoni ya kuwa mwenzenu amekwisha potea. Ni kweli, kilikuwa kitabu cha mapenzi, na saa ile ilikuwa ya hesabu. Kwa kosa la hesabu nimekwisha adhibiwa. Kwa kosa la pili naomba nisikilizwe.

Kitabu chenyewe nalikipata katika sanduku la vitabu vya zamani, siku nilipopewa kazi ya kufuta vumbi maktabani kwa kuchelewa mstarini. Hakikuwa na jalada, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimetafunwa na mende. Jina lake The Masqueraders, na mtungaji wake ni Mwingereza, Bibi Georgette Heyer. Nalitaka kukirudisha sandukuni, lakini mwalimu wetu wa Kiingereza alipita, akakitazama, akasema, "Hicho kiliandikwa hapa kwetu." Akaenda zake.

Hapa kwetu! Siku ile sikulala vizuri. Kesho yake nalimwendea mwalimu ofisini, akanieleza, na mengine nalisoma mwenyewe baadaye. Bibi Heyer alizaliwa London mwaka 1902. Aliolewa mwaka 1925 na Bwana Ronald Rougier, mhandisi wa madini. Kazi ya mumewe ilimleta Tanganyika, na mwaka 1927 mkewe akamfuata. Wakakaa porini katika kibanda cha matete, na watumishi wao walikuwa hawajapata kumwona mwanamke wa Kizungu kabla yake. Ndani ya kibanda hicho, mbali na vitabu vyake vingi vya historia, aliandika habari za mabwana wa London wa karne ya 18, wenye nywele za bandia, mapanga na magari ya farasi. Kitabu kilitoka mwaka 1928.

Hadithi ni hii. Baada ya uasi wa mwaka 1745 kushindwa huko Uingereza, ndugu wawili, Robin na Prudence, wanajificha wasikamatwe. Robin, ambaye ni mfupi na mzuri wa sura, anavaa gauni na kujiita Kate. Dada yake, ambaye ni mrefu, anavaa suruali na upanga na kujiita Peter. Basi wanaingia katika karamu za wakubwa, na hakuna anayewatambua, ila Sir Anthony, bwana mmoja mnene anayeonekana kama mtu mwenye usingizi siku zote. Watu wote wanamdhania mzito wa akili, kumbe yeye ndiye mwenye macho. Mapenzi yaliyomo ni ya bwana huyo na Prudence, na yamo kwa adabu kabisa, hata ningeweza kukisoma mbele ya baba.

Lakini sikukisoma mbele ya baba. Nalikisoma hospitali.

Mdogo wangu ana miaka 10, naye ana ugonjwa wa selimundu. Walio na mgonjwa kama huyo nyumbani hawana haja ya kuelezwa. Baridi kidogo tu, au kucheza mpira kupita kiasi, na maumivu humshika mifupani mpaka anauma shuka. Likizo iliyopita alilazwa siku nane, na kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mchanga, mimi ndiye niliyelala naye. Usiku wa kwanza nalimsimulia habari za Sungura na Fisi. Usiku wa pili Sungura aliniishia. Ndipo nikatoa kile kitabu mfukoni, nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili, nikifasiri palipowezekana na kuruka paliponishinda.

Alipofika mahali Robin anapopepea kipepeo kama bibi mkubwa, mdogo wangu alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumapili. "Kaka mtu amevaa gauni!" akasema, akashika goti lake kwa maumivu, akacheka tena. Usiku wa nne akina mama wa vitanda vya jirani walinituma nisianze kabla hawajamaliza kuosha vyombo. Mmoja wao alikuwa na neno lake kuhusu Sir Anthony: mwanamume mwenye macho namna ile asingekaa bila mke mpaka leo, lazima ana mwingine kijijini.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza niliporudi shuleni na kusoma zaidi. Bibi Heyer alikuwa na ndugu yake mdogo, jina lake Boris, aliyekuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda upesi. Dada mtu alipokuwa na miaka 17 alimtungia hadithi ya kumchangamsha alipokuwa akijiuguza. Baba yao aliisikia, akaipenda, akamhimiza aipeleke ipigwe chapa. Ikatoka mwaka 1921 kwa jina la The Black Moth, naye mtungaji ana miaka 19. Mimi nina miaka 17. Sisemi zaidi.

Tangu hapo hakuacha kuandika mpaka alipokufa mwaka 1974, na vitabu vyake vinapita 50. Vingi ni vya nyakati za 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Msidhani ni porojo tupu. Mama huyu alikuwa na vitabu vya historia zaidi ya 1,000, na alinunua barua aliyoiandika Duke wa Wellington ili ajifunze jinsi bwana yule alivyosema. Kitabu chake cha mwaka 1937, An Infamous Army, kinaeleza vita vya Waterloo kwa usahihi hata kilitajwa katika mafunzo ya maofisa wa jeshi la Uingereza. Tena yeye ndiye aliyekuwa akilisha nyumba, maana mumewe aliacha kazi ya madini, akajaribu biashara, kisha akasoma sheria. Magazeti hakuyapenda kabisa. Alipata pia barua ya mwanamke wa Romania aliyefungwa gerezani kwa siasa: kwa miaka 12 alikuwa akiwasimulia wafungwa wenzake hadithi ya Friday's Child, tena na tena, wasipate wazimu. Niliposoma hayo nalikumbuka wale akina mama na vyombo vyao.

Hata hivyo sitaki mdhani namsifu kwa kila kitu. Watu wake wema karibu wote ni matajiri, na katika The Grand Sophy, cha mwaka 1950, alimchora Myahudi mkopesha fedha kwa dharau inayochukiza. Kitabu hicho nalikifunga katikati.

Na kuna swali la mdogo wangu. Usiku wa mwisho pale wodini nalimwambia kwamba kitabu hiki kiliandikwa Tanganyika, ndani ya kibanda cha matete. Akafikiri. Kisha akauliza, "Na mpishi wao aliitwa nani?" Nikamwambia, katika kitabu hayumo. "Yule aliyewachotea maji je?" Hayumo naye. "Basi walikuwa wakila nini?" akasema, akageuka upande wa ukuta kwa hasira.

Kwa hiyo, wenzangu, yale madaftari mawili mliyoyaona chini ya godoro langu si barua za mvulana yeyote. Ni hadithi ya mpishi wa porini, mwaka 1927, anayepika kila siku huku bibi mmoja mgeni akiandika kutwa kucha, naye mpishi hajui ni nini kinachoandikwa. Sura mbili za kwanza nimempelekea mdogo wangu kwa mkono wa mjomba. Jibu lilikuja wiki iliyopita, kwa penseli. Anasema amelala vizuri siku hizi, ya kwamba chui amechelewa mno kuingia, na ya kwamba mpishi apewe upanga.