Karne za Mwalimu Wetu

Bunia ya miaka ya 1980, mtoto wa kalasi ya tano hakuweza kusoma historia bila namba za Kirumi. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa, na Kifaransa huandika karne kwa namba hizo. Diogo Cão alifika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482: karne ya XV. Léopold II, mfalme wa Wabelgiji, alijitwalia nchi yetu: karne ya XIX. Asiyezisoma alibaki na majina yanayoelea.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Sisi tulikuwa na kaye na biki. Alipanga ubaoni I, V, X, L, C, D, M, akasema: "Watoto, mdogo akimfuata mkubwa, anamwongezea. Akimtangulia, anampunguzia." VI ni sita, IV ni nne. Kisha akaweka mipaka: I hutangulia V na X tu, X hutangulia L na C, C hutangulia D na M. Ndiyo maana 99 haiandikwi IC bali XCIX, tisini kwanza, halafu tisa.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, sifuri yao iko wapi?" Nalipenda swali hilo hadi leo. Mwalimu aliandika 105, na chini yake CV. Katika 105 sifuri inashika nafasi ya makumi, isiwe 15. Katika CV kila herufi inabeba thamani yake yenyewe, hakuna nafasi ya kulindwa.

Tulianza na mwaka wetu, 1985: MCMLXXXV. Ndio mwaka Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Sista Anuarite kuwa mwenyeheri, kule Kinshasa. Anuarite aliuawa Isiro mwaka 1964, na Isiro ilikuwa mkoa mmoja nasi, Haut-Zaïre, basi tuliziandika herufi zile kwa fahari. Miaka mia nyuma yake, 1885, mwaka wa dola ya Léopold, ilitanda ubaoni: MDCCCLXXXV.

Lakini kwa nini 1885 iwe karne ya XIX, si ya XVIII? Hapo wengi walikwama. Mwalimu alirudi mwanzo kabisa: karne ya I ni mwaka wa 1 hadi wa 100, kwa hiyo mwaka wa 101 uko tayari katika karne ya II. Kisha akatutuma nyumbani tukaulize wazee wetu ni wa karne gani.

"Babu, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mjukuu wangu, mwaka siujui. Nilizaliwa Wabelgiji wamekwisha anza kuchimba dhahabu ya Kilo."

Machimbo ya Kilo yalianza mwaka 1905. Nikaandika XX kando ya jina lake, nikamweleza. Akaitazama, akaniambia niandike na ya baba yake, ambaye alikuwa na mke na ng'ombe wake tayari dhahabu ilipoanza kuchimbwa. Nikaandika XIX.