Kusi Ikisukuma: Kwa Baiskeli Kutoka Nyali Hadi Malindi

Nahodha wa jahazi aliyetaka kutoka Mombasa kwenda Lamu zamani alikuwa na kalenda moja tu, nayo ni upepo. Kusi hupata nguvu kuanzia Aprili na huvuma hadi Septemba hivi, ikisukuma kila kitu kuelekea kaskazini. Ikifika Desemba, kaskazi imeshaingia na mambo yamegeuka. Mwenzangu wa safari, ambaye babake alivua samaki maisha yake yote, alikataa katakata tuondoke Januari kama nilivyotaka mimi. "Utapigana na kaskazi mpaka Malindi, bwana, na kaskazi haichoki." Tukangoja Agosti.

Nilikuwa sijawahi kwenda mbali kwa baiskeli. Barabara hiyo ya kilomita 120 hivi nilikuwa naijua kwa dirisha la matatu, yaani siijui. Baiskeli yangu ilikuwa ya gia nyingi na tairi za kati na kati. Yake ilikuwa Black Mamba ya kizamani, nzito, breki za fito na kerea ya nyuma inayoweza kubeba gunia la makaa. Juu ya kerea hiyo tulifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu kila tulichokuwa nacho: nguo, maji, pampu na mfuko wa korosho.

Tulivuka daraja la Nyali kabla ya jua, upepo ukitupiga ubavuni. Tulipogeuka kushika barabara ya Malindi ukaja mgongoni, na papo hapo nikaelewa Agosti ilikuwa na maana gani. Kongowea ilikuwa imeshaamka. Wenye baiskeli pale ni wengi, wala hakuna anayefanya utalii: mmoja na mikungu ya ndizi, mwingine na trei za mayai zilizopangwa mpaka zimemfunika kisogo, mwingine anarudi na madumu matupu ya mnazi. Hawa ndio wenye barabara, ukihesabu wanaoitumia kila siku. Lakini basi likija nyuma yao na kupiga honi, ni wao wanaoteremka lami na kuingia kwenye changarawe. Nasi tuliteremka. Mara nyingine ukingo wa lami uko juu ya ardhi kiasi cha kiganja kizima, na ukiuparamia kwa pembe mbaya unaanguka upande wa magari. Sehemu ya barabara hii inapanuliwa iwe ya njia nne, na kwa mwendesha baiskeli kipande cha ujenzi ni vumbi, matuta na malori ya kokoto mpaka uvuke hori la Mtwapa.

Baada ya Mtwapa nchi inapanuka. Kikambala, kisha Vipingo na mashamba yake ya katani yaliyopangwa safu kwa safu hadi macho yachoke, mibuyu ikiwa imesimama katikati kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuikata. Mahali fulani mbele kidogo gurudumu langu la nyuma likalegea. Fundi tulimkuta chini ya mwarobaini, amekalia kigoda, beseni la maji mbele yake. Alichomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kidogo kidogo mpaka mapovu yakatokea. Akalitia tundu alama, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza na kuiacha ikauke huku akitutazama kama mtu asiye na haraka ya kula pesa zetu. Lakini kiraka hakukibandika kwanza. Alichukua tairi, akapitisha vidole ndani yake polepole, mzunguko mzima, mpaka akasimama. Mwiba wa mgunga, mfupi kuliko punje ya mchele, ulikuwa umejificha ndani ya mpira. "Huu ukibaki," akasema, "kiraka ni pesa ya bure." Nimeshawahi kulipa mafundi wa gari wasiojua hilo.

Tuliacha lami kwenda Takaungu. Mji huu ulipata nguvu baada ya 1837, Wamazrui walipotolewa Mombasa na Seyyid Said na baadhi yao wakaja kukaa hapa. Leo ni mji mtulivu wa nyumba za mawe na za udongo zilizochanganyika, na hori jembamba la maji ya kijani chini yake. Mzee mmoja alituvusha kwa mashua, baiskeli zikiwa zimelazwa moja juu ya nyingine, na ng'ambo tukaingia tena kwenye katani, njia ya udongo mgumu ambayo kusi iliifanya iwe raha tupu. Kipande hicho ndicho nitakachokirudia kwanza.

Kilifi tulifika alasiri. Daraja lake ni la 1991. Kabla ya hapo kila gari la Malindi lilingoja feri. Tulilala mjini humo baada ya wali wa nazi na changu wa kupaka, na asubuhi tukala mahamri kwa mbaazi kwa mama mmoja aliyetuuliza tunaenda kumzika nani Malindi. Hakuamini kwamba mtu mwenye nauli anaweza kupiga pedali kwa hiari.

Ukiondoka Kilifi kwenda kaskazini, mikorosho na minazi hukuandama mpaka Matsangoni. Kisha upande wa kushoto msitu unaanza, na unaanza ghafla. Ndani ya matatu usingehisi kitu, lakini juu ya baiskeli ngozi inakuambia: hewa inapoa na harufu ya majani yaliyooza inakupata. Huu ni Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Kulia kwako, umbali mdogo tu, ni hori la Mida na mikoko yake. Tuliingia kwanza Mida, maji yakiwa yametoka, tukatembea juu ya daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko na michu, kaa wakikimbilia mashimo yao kila ubao ulipolia. Mchu huchomoza mizizi yake juu ya tope ili ipate hewa. Mkoko husimama kwa miguu mingi. Ukishaona tofauti hiyo mara moja hutaisahau.

Kwenye kituo cha msitu cha Gede tulilipa kiingilio na kupata mwongozaji, kijana wa hapo hapo mwenye baiskeli yake mwenyewe. Usiingie bila mwongozaji. Ndani kuna ndovu, na ndovu wa msituni huwa humwoni mpaka umfikie.

Nilichojifunza kwa mwongozaji ni kwamba msitu huu si mmoja. Ni mitatu, na anayeigawa ni udongo. Mashariki, karibu na barabara, miti ni mchanganyiko na humo ndimo ilimokuwa mibambakofi mikubwa iliyokatwa kwa ajili ya mbao. Ukisonga magharibi mchanga unageuka mweupe, na hapo inatawala mrihi, mti wa jamii ya miombo: msitu unakuwa wazi, jua linafika chini na ndege wanasikika kila upande. Pazuri kweli, ila kwa baiskeli ni adhabu. Tairi la mbele lilikuwa likizama na kugeuka upande lipendako. "Teremka, kaka," mwongozaji akaniambia, "ukiendelea kukanyaga utachimba kisima." Tukapunguza upepo kwenye tairi ili zitandae, na hapo zikapita. Black Mamba haikupita. Mwenzangu aliisukuma, bila mluzi aliokuwa akipiga tangu Bamburi.

Halafu, ndani ya hatua chache tu, mchanga mweupe ukaisha na udongo mwekundu ukaanza, mgumu, wa kuteleza vizuri chini ya gurudumu. Miti nayo ikabadilika pale pale, ikawa mifupi na imesongamana hata mkono haupiti. Kichaka hiki ndicho makao ya bundi wa Sokoke, ndege mdogo kuliko njiwa, ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Hatukumwona, maana mchana hulala, na rangi yake na ya majani makavu ni moja. Tuliona kinyesi cha ndovu katikati ya njia. Mwongozaji aliinama akakigusa kwa mgongo wa mkono. Kingekuwa na joto tungegeuza. Kilikuwa baridi, tukaendelea, ingawa kuanzia hapo sikuzungumza sana.

Sengi wa makalio ya manjano tulimwona wakati wa kurudi. Ni mnyama mdogo kama sungura mchanga, pua ndefu inayochokonoa majani bila kupumzika, miguu myembamba mno. Alisimama, akapigapiga mkia chini, akaruka mara mbili na kutoweka, ile manjano ya nyuma ikawa ya mwisho kuonekana. Dume na jike hukaa eneo moja maisha yao yote, lakini kila mmoja hutafuta wadudu wake peke yake. Msitu huu ukiisha, hana kwa kwenda.

Na umewahi kukaribia kuisha. Muhuhu ulikwenda kwa wachonga vinyago, mibambakofi kwa maseremala, na majirani waliokosa mashamba walikuwa na haki ya kuuliza msitu unawafaa nini. Jibu moja lilianza mwaka 1993 pale Gede: mradi wa Kipepeo, ambapo wanakijiji hufuga viwavi na kuuza pupa wa vipepeo kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Kwa maoni yangu jibu hilo limelinda miti kuliko mabango yote ya marufuku.

Magofu ya Gede, yaliyo ndani ya kijisitu chake karibu na hapo, nayapitia haraka kwa kuwa yanastahili safari yake. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na kima wanaoamini kuwa chakula chako ni chao. Kutoka hapo hadi Malindi ni mteremko wa moyo: lami, minazi na kusi ikisukuma. Vasco da Gama naye aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi ikianza, na mwezi uliofuata akafika Calicut. Hakuwa na ujanja kuliko mwenzangu, alipewa tu rubani aliyejua upepo.

Ukitaka kwenda, chagua Agosti au Septemba na uelekee kaskazini. Kurudi, baiskeli hupanda juu ya matatu. Chukua viraka, msasa na gundi, na uingie msituni mapema kabla ya jua kuwa kali. Nao wanaopanua barabara ya Malindi nawaomba jambo moja: waache mita moja na nusu ya lami kando, iliyotengwa kwa baiskeli. Sisi wa matembezi tunaweza kusubiri. Mwenye mikungu ya ndizi anapita hapo kila alfajiri.