SEHEMU YA 4: Uchaga wa bibi na chupa yangu ya uji

Baada ya sehemu ya 3 wengi mmeniuliza: "Nesi, sisi tusio na friji tufanyeje?" Leo nawajibu kwa kisa changu mwenyewe, japo naona aibu.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa. Nilikuwa zamu ya asubuhi, basi saa kumi na moja alfajiri nikapika uji wa kutosha siku nzima, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikamwambia dada ampe kidogo kidogo. Usiku ule mtoto alitapika na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mimi nesi, ninayewafundisha wenzangu, namnywesha ORS kwa kijiko huku mkono unatetemeka.

Bibi alikuwa amekuja kututembelea. Akafungua chupa, akanusa.

"Mjukuu wangu, uji huu wa saa ngapi?"

"Wa alfajiri, bibi."

"Mimi nimelea watoto saba bila friji. Sijampa hata mmoja kiporo."

Maneno yale yaliniuma, lakini yalinirudisha jikoni kwake hapa Ikola. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa miti. Mahindi yalining'inia humo na maganda yake, moshi ukiyakausha na kufukuza wadudu. Pembeni kulikuwa na kikapu cha dagaa. Nyie wa ziwani mnajua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo dagaa wa giza lazima wafike mbalamwezi. Bibi aliwaanika wakakauka kau, na wakianza kulainika aliwarudisha juani. Migebuka aliipasua, akaitia chumvi ya Uvinza au akaikausha kwa moshi. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndipo nikaelewa vizuri thamani ya kile kikapu.

Sasa angalieni: uchagani palikuwa na vitu vikavu tu. Vijidudu vinahitaji maji ili vizaliane. Uji, wali na mchuzi vina maji tele, na vikikaa vuguvugu ndiyo kitalu chenyewe. Bibi alipika kidogo, kikaliwa, kikaisha. Sisi tumeacha uchaga, tumebaki na kiporo.

Simwambii mtu arudi kwenye moshi, maana ule moshi unaumiza vifua vya watoto. Lakini haya tuyachukue:

1. Uji wa mtoto upikwe wa mlo mmoja. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya friji. Kwenye chupa ya chai uji unapoa taratibu, vijidudu vinapata muda. Na kuchemsha tena hakuondoi kila sumu. Ukienda kazini, acha unga mkavu uliopimwa, dada apike upya.

2. Dagaa waanikwe juu ya chanja, siyo mchangani wanakopita kuku na mbuzi. Wakiota ukungu, tupa.

3. Mahindi yapimwe kabla ya kuwekwa. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana unyevu, rudisha juani. Mahindi yenye unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

4. Mtoto akiharisha, changanya pakiti 1 ya ORS na lita 1 ya maji safi, endelea kumnyonyesha, na uje kituoni upewe zinki ya siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au ukiona damu kwenye choo, usisubiri kuche.

Wangu alipona siku ya tatu. Bibi hakunisema tena, ila kila asubuhi alipika kisufuria kidogo cha uji, akakiosha, akakifunika. Chupa ile bado ninayo. Siku hizi inatiwa chai tu.

Sehemu ya 5 ni maji ya kunywa na mtungi. Maswali yenu yaacheni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.