Daraja la Makopo: Kutafuta Metali ya Bei Nafuu kwa Zana za Kufundishia

Sisi walimu hatukawii kulalamika kwamba zana hazipo. Nasi tulilalamika tulipoandaa somo la usafirishaji kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Tulitaka kielelezo cha reli chenye stesheni na daraja la chuma, ili wanafunzi waone jinsi njia ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inavyovuka mito na mabonde. Bati jipya na vipande vya shaba vilikuwapo dukani, lakini bei yake ilizidi fungu la idara yetu.

Basi tukaligeukia jalala. Tulikusanya makopo ya soda, tukayakata, tukaanza kulehemu. Lehemu ikaviringika kama maji juu ya jani la gimbi, isishike. Tukaunganisha kwa gundi. Siku ya somo, behewa la kwanza lilipofika katikati, daraja likajikunja. Darasa likacheka.

Baada ya kipindi alitujia mwanachuo mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa vibatari. "Mwalimu," alisema kwa upole, "makopo yale ni ya alumini, hayakubali lehemu. Nilijua tangu mwanzo." Tukamwuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu, "Mlikuwa mnafundisha." Jibu hilo lilituuma kuliko kicheko cha darasa.

Tulimwomba atuongoze, nasi tukakaa upande wa wanafunzi. Kwanza alitumia sumaku. Makopo ya maziwa ya unga yalinaswa, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa bati, na bati hupokea lehemu vizuri. Yale ya alumini hayakunaswa. Metali hiyo ikiguswa na hewa hufanya utando unaoizuia lehemu. Pili, alikata vipande vyembamba akavikunja kwa pembe ya mraba, kwani kipande kilichokunjwa hakipindi upesi kama kilicho bapa. Tatu, alivipanga kwa pembetatu. Fremu ya pande nne husukumwa ikalala. Ya pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja upinde au kiungo kiachie. Spoki kuukuu, tulizopewa na fundi wa baiskeli, zikawa reli juu ya mataruma ya mbao.

Tahadhari ni lazima. Kingo za kopo hukata kama wembe, hivyo zipigwe tupa kwanza. Madirisha yawe wazi wakati wa kulehemu, na mikono ioshwe, maana lehemu nyingi zina risasi. Bati la paa lisichomwe, kwa sababu moshi wa zinki hudhuru.

Kielelezo hicho kilizaa somo la hesabu pia. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, reli ya Kati ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, ikawa milimita 20. Ya TAZARA, yenye 1,067, ikazidi 21 kidogo. Na ile ya kisasa, yenye 1,435, ikakaribia 29. Wanafunzi waliposukuma behewa moja juu ya njia zote tatu, walieleza wenyewe kwa nini mizigo hulazimika kuhamishwa.

Daraja la pili lilibeba matofali mawili. Tangu hapo, kabla ya kuandika orodha ya vifaa vinavyokosekana, sisi huwauliza kwanza wanachuo wetu: nani kati yenu anaijua kazi hii?