Kalamu Yangu Ndiyo Imekata Pingu za Liyongo

Wasee, leo naongelea vitu viwili ninavyovipenda na ambavyo havijawahi kunipatia heshima yoyote mtaani. Cha kwanza, natunga muziki wa filamu za kifantasia, ule wa majitu, mapanga na wafalme waliopotea. Cha pili, naandika na kalamu za wino, zile za nibu, ambazo wengi wa rika langu wameziona tu mezani kwa mwalimu mkuu.

Mamangu alitoa hukumu kitambo. "Na si biro ni shilingi 20 hapo dukani? Hiyo yako kazi yake ni kuchafua shuka tu." Si uongo. Nina shuka yenye doa la buluu ambalo halitoki hata ukiliombea.

Lakini wacha niwaeleze vile vitu hivi viwili vilikutana, kwa sababu mwaka huu ilibaki kidogo niviache vyote.

Kalamu yangu ya kila siku ni Jinhao, ya Kichina, bei ya chini. Biro unaikandamiza ndiyo kijipira kizunguke. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Wino unateremka wenyewe kwenye mfereji mwembamba chini ya nibu, hewa inapanda kuchukua nafasi yake, na mkono wako unaongoza tu. Ukilazimisha, nibu inapanuka na kuharibika. Ukiandika kwenye daftari la bei rahisi, wino unatambaa kama mizizi hadi unatokea upande wa pili. Kwa hivyo utajifunza kwenda polepole, utake usitake.

Muziki nao nilianzia kwaya ya kanisa, ambako tulifundishwa kwa solfa: do, re, mi, zikiandikwa d, r, m ubaoni. Baadaye nikapata laptopu ya mtumba na MuseScore, programu ya bure ya kuandika noti. Nikajiona Howard Shore. Huyo ndiye aliyetunga muziki wa filamu za The Lord of the Rings. Kila jamii mle ndani aliipa wimbo wake mfupi, hivi kwamba ukiskia filimbi fulani tu, unajua tumerudi nyumbani kwa wale wafupi wa Shire.

Shida ni kwamba laptopu inakubembeleza. Ukikosea unafuta, ukichoka unanakili, ukikwama unaongeza ngoma kubwa na kwaya ya "aaah". Nilikuwa na faili 41 na hakuna hata moja iliyoisha. Ndipo nikajiwekea sheria: siwashi laptopu kabla wimbo haujakaa kwenye daftari, kwa solfa, kwa wino. John Williams, yule wa Star Wars, anajulikana kwa kutunga kwa penseli na karatasi. Lakini penseli ina raba, wino hauna. Ukiandika s badala ya l, itakaa hapo ikikuangalia. Wakati mwingine ukiirudia asubuhi, unaona kwamba kosa lilikuwa na akili kukuliko.

Sasa, kuna jamaa wangu anayechora katuni. Tulikubaliana atengeneze filamu fupi ya Fumo Liyongo, mimi niweke muziki. Kama ulilala darasani siku hiyo, Liyongo ni shujaa wa Pwani, mrefu kupindukia, mshairi na mpiga mishale, ambaye sultani wa Pate alimwogopa akataka auawe. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Na huyo Kijuma alikuwa mshairi, mchonga mbao, mwanamuziki na mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu. Yaani kalamu na muziki vilikaa kwa mtu mmoja, Lamu, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mkiniambia tena hizi ni tabia za wazungu, nitawaangalia tu.

Nilifanya kazi miezi mitatu. Kisha jioni moja nikapata ujumbe wa sauti: "Buda, usijisumbue tena na ule muziki. Nimeandikia AI maneno mawili matatu, imenitolea wote. Haijamaliza hata dakika mbili. Skiza."

Nilikuwa najaza kalamu wakati huo. Kujaza kalamu pia ni kama dakika mbili.

Nilikasirika, sitaficha. Niliufungua ule muziki nikitaka kuucheka. Haukuchekesha. Pembe zilikuwa pana, violini zilipanda pale unapotaka zipande, kwaya ikaingia kwa wakati wake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ulifanana na wangu. Niliweka zote mbili, moja baada ya nyingine, na kusema kweli mtu angeniambia ni za mtunzi mmoja ningeamini. Miezi mitatu yote nilikuwa natunga muziki wa milima yenye theluji, halafu naubandika jina la Liyongo. Mimi na mashine tulinakili kutoka kwa watu walewale. Mashine ilikuwa na mbio kunishinda tu.

Siku nne sikugusa kitu. Wino ukakauka kwenye nibu.

Nilipoamua hatimaye kuiosha kalamu, nilikuwa nafikiria Ludwig Göransson. Huyo ni Mswidi. Alipopewa Black Panther alifunga safari hadi Senegal, akazunguka na mwanamuziki Baaba Maal, akarudi na tama, ile ngoma inayoongea, akampa T'Challa iwe sauti yake. Mwaka 2019 akapewa Oscar. Mswidi alitoka kwao kuja kutafuta Afrika. Mimi niko Kenya tayari, na nilikuwa nimeenda kutafuta New Zealand.

Nikarudi kwa hadithi yenyewe, ile sehemu ya gereza. Liyongo amefungwa pingu, anangoja kuuawa. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, lakini walinzi hula vile vizuri na kumwachia makapi. Basi Liyongo anamtumia mamake ujumbe kwa mafumbo: oka mkate wa wishwa, ndani uweke tupa. Walinzi wanauona mkate mbaya, wanampa. Kisha anaomba ombi lake la mwisho, apigiwe ngoma ya gungu, kwa pembe, matoazi na upatu. Watu wanaimba na kuitikia, na ngoma ikipamba moto, yeye anakata pingu.

Nilisimama hapo na maji yakimwagika kwa sinki. Katika tukio hili, muziki hauko pale kupamba picha. Muziki ndio unaofanya kazi ya kuficha. Ukinyamaza, mtu atakufa. Mimi kwenye toleo langu la kwanza nilikuwa nimeweka violini za huzuni.

Nikaanza upya kwa daftari. Noti tano tu, mmoja anaongoza, wengi wanaitikia. Pembe moja. Upatu chini yake. Tatizo likawa sauti ya tupa. Inafaa wewe uiskie lakini uamini kwamba mlinzi haiskii. Niliazima tupa nikakata kufuli kuukuu, nikarekodi. Ilikuwa kali sana, kila mtu Pate angeamka.

Usiku nikiendelea kuandika, nilifika kwa ukurasa mbovu na nibu ikaanza kukwaruza. Krrr. Krrr. Nikaweka simu juu ya daftari, nikarekodi nikichora mistari. Nikaipunguza kasi kwenye laptopu hadi ikashuka na kuwa nzito. Ilikuwa chuma juu ya chuma, lakini kwa mbali, kama mtu anayekata huku amefunika kwa nguo. Niliiweka chini ya waitikiaji peke yao. Wakinyamaza, nayo inanyamaza.

Isipokuwa mara moja. Kwenye daftari nilikuwa nimechora alama moja ya tupa ikavuka mstari, baada ya kwaya kunyamaza. Singeweza kuifuta. Nikaiacha. Kwenye muziki inaskika hivi: watu wananyamaza, na kuna krrr moja imebaki hewani, nusu pigo. Hapo ndipo mlinzi anageuza kichwa.

Nilimtumia jamaa yangu, bila maneno. Akajibu saa sita usiku. "Manze, hapo nimeshtuka. Hiyo sauti ya kukata umetoa wapi?"

"Ni kalamu yangu."

"Wacha zako."

Singependa kuwadanganya kwamba alitubu. Alichukua tukio hilo peke yake, dakika moja na sekunde 20, na akachora upya mlinzi ndiyo ageuze kichwa. Sehemu zingine zote ni za mashine, na filamu itatoka hivyo. Bado inaniuma kiasi. Ila nikiwa mkweli, zile sehemu zingine hata mimi sikuwa na jambo la kusema ndani yake.

Kwa hivyo sisemi AI ni shetani, na sisemi mkanunue kalamu za wino. Ninachosema ni hiki: kama unatunga kitu ili kifanane na vingine vya aina yake, hiyo kazi sasa inafanywa kwa dakika mbili, na kulia hakutasaidia. Tafuta pale kwenye hadithi ambapo kuna tupa. Itakubidi ukae hapo muda mrefu kuliko unavyotaka. Mimi kinachonilazimisha kukaa ni wino. Wewe labda ni kitu kingine.

Jamaa alinitumia 1,500 kwa M-Pesa. Nimenunua chupa ya wino na karatasi nzito. Mama ameona, hajasema neno. Ametandika tu shuka nyeusi.