Ruhusa ya Kujenga Kwenye Shamba la Baba

Nyalenda B, upande wa kusini wa jiji la Kisumu, sehemu kubwa ya ardhi ni ya familia. Wazee wetu walilima mtama na kuchunga ng'ombe hapa kabla mji haujawafikia. Mipaka ya manispaa ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba yao yaliingizwa mjini na wenyewe wamo ndani. Kwa hiyo mabanda ya mabati ambayo mgeni huyaona anaposhuka kuelekea Dunga, mengi yamesimama kwenye shamba la mtu mwenye hatimiliki. Mimi ni mtoto wa shamba kama hilo. Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nataka kujenga nyumba za kupangisha, na kwamba nitaomba kibali cha kaunti kwanza, kaka yangu mkubwa aliniuliza, "Kitovu chako kimezikwa hapa. Unaenda kumwomba nani?"

Swali hilo ni halali, na hadi leo sijalidharau. Ushuhuda wangu ni wa njia iliyonipa jibu lake.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, lakini afisi za serikali zilikuwa zikinitia hofu. Nikiambiwa nirudi kesho, nilirudi kesho bila kuuliza sababu. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Alituachia bahasha iliyojaa risiti ambazo hakuna aliyewahi kumweleza ni za nini. Tulilelewa tukijua kwamba karatasi ni mambo ya wakubwa.

Hatua ya kwanza haikuhusu matofali hata kidogo. Hatimiliki ilikuwa bado na jina la baba, na baba alikuwa kaburini. Marehemu haombi kibali. Ikabidi tufungue kesi ya urithi: barua ya chifu, majina ya warithi wote, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, na baadaye kwa kawaida miezi 6 kabla mahakama haijathibitisha mgawanyo. Humo ndimo jina langu, mtoto wa kike, lilipoandikwa sawa na ya kaka zangu, kama Katiba ya 2010 inavyotaka. Siku hizi mtu akinilalamikia kwamba kibali cha ujenzi kinamchelewesha, kwanza humwuliza hatimiliki ina jina la nani. Mara nyingi ni la babu yake.

Wakati huo ndipo broka aliponijia. Kijana mwenye adabu, akaniita mama, akaniomba pesa na nakala ya hatimiliki ili aniletee ramani iliyokwisha kugongwa mihuri yote. Fundi wangu naye alikuwa na haraka. "Mwalimu, tuchimbe msingi," alisema, "karatasi zitafuata." Karibu kila mjengo wa mtaani kwetu ulianza kwa maneno hayo.

Badala ya kujibu, nilisoma. Nilichapisha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 kwenye saiba, nikaipitia usiku kwa kalamu nyekundu, kama ninavyosahihisha insha. Nilikuta kile ambacho kila mtu hukitaja kwa kutishana: kujenga bila kibali cha kaunti ni kosa, na faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili. Lakini nilikuta pia vifungu ambavyo sikuwahi kusikia mtu akivitaja sokoni wala kanisani. Ukipeleka ombi na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba umeruhusiwa. Ukikataliwa, lazima uelezwe sababu. Usiporidhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi, na juu yake ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Katika maisha yangu sikuwa nimekutana na karatasi ya serikali iliyonitambua kama mtu anayestahili kujibiwa. Yule kijana nilimshukuru, na hatimiliki yangu sikumpa.

Nikatafuta msanifu majengo aliyesajiliwa na mhandisi aliyesajiliwa. Gharama yao inauma, na nitarudi kwa jambo hilo. Mhandisi alichimbisha mashimo ya kupima udongo kabla ya kuchora chochote. Udongo wa kwetu ni ule mweusi, unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi na kufura mvua inaponyesha. Fundi wangu, mtu mwaminifu kabisa, alikuwa amekadiria msingi wa kina alichozoea kuchimba Kajulu, kwenye mwamba.

Ombi liliingia: ramani, hatimiliki, upekuzi wa ardhi, cheti cha kuonyesha kwamba sina deni la ada za kaunti. Faili ikazungukia maafisa wa mipango, watu wa barabara na watu wa afya ya umma. Ikarudi na maoni, na maoni hayo ndiyo yaliyonibadilisha.

Afisa wa afya alitaka kujua maji taka yataenda wapi. Kwetu maji ya ardhini yako juu, kwa sababu ya ziwa. Visima vifupi na vyoo vya shimo vimekaa jirani kwa miongo, na kipindupindu tunakijua kwa majina ya waliokufa. Choo changu kilihamishwa mbali na kisima cha jirani. Hilo halikuhitaji mjadala.

Mto Auji ulihitaji. Unapita nyuma ya shamba letu ukielekea kwenye mafunjo ya Dunga. Hifadhi ya mto haipungui mita 6 na yaweza kufika mita 30, na msanifu alinieleza kwamba vyumba vinne vilivyotazama mto haviwezi kubaki kwenye ramani. Vyumba vinne ni kodi ya kila mwezi. Niliumia. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei na kuipita rekodi ya 1964. Kule Dunga, maji yaliingia kwenye vibanda na nyumba, na familia zilihama na magodoro kichwani. Ziwa likijaa hivyo, Auji hauna pa kumwaga. Nilitia saini ramani mpya. Mvua ndefu za 2024 zilipokuja, kile kipande tulichokiacha kilikuwa chini ya maji.

Maoni ya tatu yalikuwa ya njia. Kijia cha kufika kwangu kilitosha bodaboda na mkokoteni. Lori la kunyonya maji taka lisingepita, gari la zimamoto lisingepita, wala ambulensi. Nikaambiwa nionyeshe barabara. Nilibaki nikiitazama ile karatasi, maana barabara haikuwa yangu kuionyesha. Pande zote mbili za kijia ni mashamba ya watu wengine: baba mdogo, mjane mmoja wa ukoo wetu, na jirani aliyekuwa na mabanda mawili ya kupangisha pembeni kabisa mwa mpaka.

Tukakutana chini ya mwembe wa baba mdogo. Jirani mwenye mabanda alisema wazi kwamba hatavunja kitu ili mwingine apate kibali. Mjane aliogopa kwamba akitoa kipande leo, kesho ataombwa kingine. Kaka yangu alirudia swali lake la kitovu. Hapo baba mdogo akaanza kuzungumza, polepole, juu ya boma la Mjaluo lilivyokuwa. Lango lilikuwa na mahali pake. Nyumba ya mke wa kwanza ilitazama lango, na simba, yaani vijumba vya wavulana, zilijengwa karibu na lango kwa utaratibu wa kuzaliwa. Mwanamume akitoka kwenda kuanzisha boma lake, kwa goyo ligala, hakwenda peke yake. Mzee alitangulia kumwonyesha mahali, mtoto wa kwanza wa kiume yuko na shoka, na jogoo yupo. "Hakuna aliyejenga bila kuonyeshwa mahali," alisema baba mdogo. "Wazee hao wamekufa, watu ni wengi, na hakuna tena wa kuonyesha. Kama hao wa afisini wanauliza njia iko wapi, wanauliza alichokuwa akiuliza babu yako."

Kaka hakusema kitu. Lakini siku ya mpimaji ardhi kuja kuweka vigingi, yeye ndiye aliyeshika mkanda.

Mazungumzo yalichukua msimu mzima, na sitayafanya yaonekane mepesi. Kila mmoja aliacha ukanda upande wake. Mimi niliacha mkubwa zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyehitaji. Tulichanga gharama za kusogeza mabanda ya jirani. Kila kitu kiliandikwa, kikatiwa saini mbele ya chifu, kikachorwa na mpimaji. Leo lori linafika hadi nyumba ya mwisho, na choo cha mjane, ambacho hakikuwa kimewahi kunyonywa, kinanyonywa.

Kibali kilipotoka, yaliyobaki yalikuwa ya kufuata tu: kusajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kusimamisha bango, kuita wakaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi na la sakafu. Wapo majirani walioona ukaguzi huo ni usumbufu. Mimi huwakumbusha jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 karibu na mto, bila kibali, na kuua watu zaidi ya 50. Walikuwa wapangaji, watu kama hao tunaowatafuta sisi.

Sasa narudi kwa gharama. Mwalimu aliyekopa kwenye sako anaweza kumlipa msanifu na mhandisi kwa taabu. Mama anayeuza omena hawezi. Sheria inayomdai ramani iliyotiwa saini na wataalamu, na haimpi njia ya kuipata, inamsukuma moja kwa moja kwa broka. Naziomba kaunti za ukanda wa ziwa, kuanzia Busia hadi Migori, ziandae ramani za nyumba ndogo zilizokwisha kuidhinishwa, zinazofaa udongo mweusi, na kuzitoa bure kwa mwenye ploti. Broka hataisha kwa kukamatwa. Ataisha mwenye ploti akiwa na pengine pa kwenda.

Jumamosi majirani huja barazani kwangu na bahasha zao. Tunasoma pamoja. Sichukui pesa, na simsaidii mtu kuruka hatua. Wengi wao hufika wakiwa na hofu ile ile niliyoijua kwa mama yangu, na huondoka na orodha ya karatasi wanazopaswa kuzidai.

Nawe unayesoma haya na tayari umeagiza kokoto na mchanga: fanya upekuzi wa hatimiliki kwanza, na uzungumze na jirani kuhusu njia kabla hujamwita fundi. Weka risiti ya siku ulipopeleka ombi, maana siku 60 huhesabiwa kutoka hapo. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Za rufaa ni 14 tu.